Siku moja na Peugeot 504 ya mzee

Saa 1 asubuhi. Ukungu wa Limuru haujapanda na spana zinauma vidole kwa baridi. Mzee mwenye 504 keshafika. Gari lake lilikaa Mombasa miaka mingi. Tangu alilete huku linatoa moshi mweusi, linakula petroli na kilima halitaki. Gereji moja ilishamwambia injini ifunguliwe yote. Nikamwomba asitoe pesa kwanza.

Saa 2. Plagi zote nne nyeusi, masizi makavu kama ya chini ya sufuria ya kuni. Ingekuwa oili zingelowa. Hii ni petroli imezidi. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa imepungua uzito kwa karibu humusi, lakini kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, haina habari: inamimina kana kwamba bado iko Likoni, kule Mombasa.

Saa 4. Kabureta yenyewe, ya Solex, iko mezani. Jeti kubwa, kile kipande chenye tundu la kupimia petroli, imeandikwa 130, maana yake tundu la milimita 1.30. Nikajaribu biti ya drili ya 1.40. Ikapita moja kwa moja! Kumbe kuna fundi aliitoboa akitafuta nguvu, na namba ikabaki kudanganya watu. Nikapekua kopo langu la jeti kuukuu hadi nikapata 125 safi.

Saa 7. Githeri imechelewa, kama kawaida; maji huku huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kwa sababu hiyohiyo nimembadilishia mzee kifuniko cha rejeta, maana cha zamani hakishiki presha, na presha ndiyo huzuia maji yasichemke mapema.

Saa 8. Pointi, zile za kukata umeme wa plagi, nimezipa pengo la milimita 0.4 kwa fila, kile kibapa cha kupimia; taimingi, yaani wakati wa cheche, nimeisogeza mbele digrii 2, kwani hewa nyepesi huungua polepole.

Saa 9. Tumeshuka hadi lile kanisa dogo la Wataliano karibu na Mai Mahiu, tukageuza. Kupanda, gia ya tatu, moshi hakuna. Nikasimama kando, nikafungua plagi moja ingali moto: rangi ya biskuti, dalili kwamba petroli na hewa zimelingana.

"Mbona haivuti kama Mombasa?"

"Hiyo hewa hatuna huku, mzee."

Desemba anashuka pwani. Nimempa jeti ya 130 isiyotobolewa ndani ya kiberiti: akifika Voi aifunge, la sivyo petroli itakuwa kidogo na atachoma valvu.