MF 135: geji inasema sawa, mikono inashuka (kumbukumbu ya 4)

Imekubali: mikono ya kunyanyulia ya trekta hili la Massey Ferguson (MF) 135 sasa inashika mzigo. Bonge la zege la kilo 300 linaning'inia kwenye mikono, injini imezimwa, oili ilikuwa nyuzi 60 wakati wa kuzima, na baada ya saa nzima futi inaonyesha limeshuka sentimita 2. Wiki iliyopita sentimita 5 zilikuwa zinaondoka kwa sekunde 40.

Dalili ilikuwa ileile ya kumbukumbu zilizotangulia: kunesa. Oili ikishapata moto, mzigo ukiwa juu, mikono inashuka kidogo, inashtuka kupanda, inashuka tena, kila baada ya sekunde mbili tatu. Kwenye mfumo huu valvu ya kontroli iko upande wa kunyonya. Mzigo ukifika kimo ulichoweka, valvu inafunga na pampu inazunguka kavu bila kusukuma kitu. Oili ikipenya popote kati ya pampu na silinda, mikono inashuka, linki zinaifungua valvu, pampu inajaza, mikono inapanda. Yaani pampu inafidia kinachovuja, na kazi ni kutafuta kinavujia wapi.

Kilichokula wiki mbili ni geji ya presha. Imefungwa kwenye tundu la kifuniko cha oili karibu na kiti, geji ya 0 hadi 350 bar. Mikono imefungwa kwa mnyororo kwenye upau wa kuvutia ili ikwame na valvu ya usalama ifunguke. Usomaji: psi 2700 (kama bar 186) oili ikiwa baridi, 2650 ikiwa moto, na hata injini ikiwa sailensa (mzunguko wa chini kabisa) haikushuka chini ya 2600. Pampu hizi za pistoni nne valvu yake hufunguka kati ya 2500 na 3000, kwa hiyo ukisoma hivyo unafunga kisanduku na kwenda kulaumu oring (pete za mpira za kuziba). Zikabadilishwa oring zote za bomba la kupandishia oili, zilikuwa ngumu kama plastiki na bapa upande mmoja. Kunesa kukabaki palepale.

Klachi nayo ilishukiwa. Kwenye mashine yenye klachi mbili pampu inaendeshwa na klachi ya PTO (shafti ya nyuma inayozungusha vifaa), hivyo hiyo ikiteleza, presha inaanguka wakati injini haijapungua mzunguko hata kidogo. Kuipima ni rahisi: alama ya chaki kwenye shafti ya PTO, takometa ya mwanga (usiguse kitu kinachozunguka), kisha kwamisha mikono uone kama shafti inapungua kuliko injini. Haikupungua. Na tafadhali, mikono kufa ukikanyaga pedali hadi chini ndivyo ilivyoundwa, msifungue trekta kwa sababu hiyo.

Oili pia ilipita mtihani. Tone kwenye bati la moto halikutatarika. Hili linahitaji kuangaliwa kila mara, maana mpira wa giya lever ukipasuka mvua inaingia moja kwa moja, oili inakuwa kama chai ya maziwa, inatoa povu, na povu linaleta kunesa kwa namna yake.

Jibu lilikuja kwa kurudia kipimo cha kushuka kwenye vimo vitatu badala ya kimoja. Injini imezimwa, futi kutoka ardhini, muda wa kushuka sentimita 5:

juu kabisa, sekunde 40
katikati, dakika 6
chini, dakika 7

Valvu iliyochoka au oring mbovu haijui pistoni iko wapi, inavuja karibu sawa kimo chochote. Kinachobadilika kwa kimo ni ukuta wa silinda. Na ndipo geji ikaeleweka: mnyororo ulikuwa mfupi! Mikono ilikwama chini, pistoni ikiwa kwenye sehemu nzima ya silinda. Nimeurefusha mnyororo mpaka mikono ikwame karibu na juu, oili moto, sailensa: psi 1700, na sindano inatetemeka. Ukiongeza mafuta inarudi 2600, kwa sababu pampu inazidi uvujaji. Kwa hiyo pima juu na chini, sailensa na kasi, baridi na moto. Sekunde chache tu kila mara, na usisimame kwenye mstari wa mnyororo.

Uthibitisho: kifuniko cha ubavuni kimefunguliwa, tochi ndani, mzigo juu, injini imezimwa. Kitako cha bomba kikavu. Mdomo wa silinda ulitoa utepe mwembamba wa oili, mzigo ukashuka, utepe ukawa matone, matone yakakoma.

Kufungua: toa bomba la oili kwanza kabla ya kunyanyua kifuniko kikuu, la sivyo unalipinda. Chenibloku, si mabega ya watu wawili. Ndani ya silinda kuna mikwaruzo minne mahali ringi zinapokaa mzigo ukiwa juu, ukucha unakwama. Kuhoni (kusugua ukuta wa silinda kwa jiwe) kusingefika kina hicho bila kulegeza pistoni, ndiyo maana imeingia silinda mpya na pistoni yake. Ile seti ya ringi za bei rahisi iliyojaribiwa mwanzoni ilikuwa na pengo la kupitisha kadi ya simu, hata sijui ilikusudiwa mashine gani.

Wakati wa kufunika, chungulia ubavuni uone mikono ya linki imekaa upande wake kwenye mkono wa valvu. Ikikaa vibaya, mzigo haunyanyuki kabisa au unanyanyuka bila kusimama.

Mpango ulikuwa kufungua giaboksi wikiendi hii, giya ya tatu bado inaruka ukiachia mafuta mteremkoni, na ninashuku springi na mpira wa chuma unaoshika fimbo ya giya. Itangoja. Sasa ninachonga adapta yenye koki ili geji ikae palepale moja kwa moja, nyuzi za tundu tayari nimezipima, na nimeagiza geji yenye glisirini ili sindano iache kutetemeka.