IST ya mjomba: stata inazungusha, injini haishiki

Gari ni Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ, cc 1500. Mjomba alilitembeza miaka kadhaa bila shida, kisha asubuhi moja likagoma kuwaka nyumbani kwake Kiseke. Akaitwa fundi, fundi akaja na mashine ya kupimia, akasema sensa ya krenki (shafti kuu ya injini) imekufa. Ikanunuliwa sensa. Halikuwaka. Ikanunuliwa nyingine ya bei ya juu zaidi, hali ikawa ileile. Mwishowe likaegeshwa chini ya mwembe, masika yakalipitia hapohapo, na mjomba akarudi kwenye daladala. Aliponiambia, "Mpwa wangu, ukiliwasha hilo, wikiendi ni lako," nikafunga vifaa vyangu nikaenda.

Naandika kila hatua kwa sababu dalili hii inamaliza hela za watu wengi hapa Mwanza. Stata inazungusha, tangi lina mafuta, injini haishiki hata kidogo. Mashine inatoa msimbo (namba ya hitilafu), msimbo una jina la kifaa, basi kifaa kinanunuliwa. Msimbo unataja sakiti nzima: kifaa, soketi yake, nyaya zake, na pini za kontroli boksi (kompyuta ya injini) upande wa pili. Kifaa ni kipande kimoja tu cha hiyo safari.

Jumamosi: betri

Mita ilisoma volti 11.9 kwenye vichwa vya betri. Betri nzima iliyotulia inatakiwa kusoma kama 12.6, na ikifika 12.0 imebakiza takriban robo ya chaji, kwa hiyo hii ilikuwa karibu tupu. Kusoma misimbo ukiwa na betri ya namna hiyo ni kujitafutia uongo. Stata ikianza kuvuta, volti zinaporomoka, kontroli boksi inayumba, na unaweza kupata misimbo ya vitu visivyo na tatizo lolote.

Nikaichaji usiku kucha ikiwa mahali pake, bila kufungua vichwa. Hilo ni la makusudi: kwenye Toyota za umri huu, ukiondoa umeme wa betri unafuta misimbo iliyohifadhiwa, na mimi nilitaka kuona gari linakumbuka nini kabla ya kugusa chochote.

Jumapili: soketi iliyokufa, na waya mfupi

Soketi ya kupimia iko chini ya dashibodi upande wa dereva, ina pini 16. Marekani iliilazimisha soketi ya aina hii kwa magari yote mapya kuanzia modeli za 1996, na kwa petroli Ulaya ikafuata 2001. Nilichomeka kidude changu cha bluu kinachoongea na simu, hakikuwaka hata taa. Pini namba 16 inatakiwa kuwa na umeme wa betri muda wote, na namba 4 ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Nikapima kati yake: sifuri. Fyuzi iliyoandikwa OBD, ya ampea 7.5, ilikuwa imeungua. Nikaweka mpya ya ampea zilezile, kidude kikawaka, ila kikashindwa kuongea na gari. Ni kawaida kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Mengi hayajibu vidude hivi vya bei rahisi, hata kama soketi inafanana kabisa.

Hapa ndipo napenda Toyota za zamani. Unaweza kusoma misimbo bila mashine yoyote. Unaitazama soketi, upande mpana juu: pini za juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, za chini ni 9 hadi 16. Unaunganisha namba 13 na namba 4 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, kisha unaitazama taa ya injini. Ikipepesa harakaharaka kwa mwendo mmoja usiobadilika, hakuna msimbo. Ikiwa upo, inapepesa tarakimu ya kwanza, inatulia sekunde moja na nusu, inapepesa ya pili. Kati ya msimbo na msimbo inatulia sekunde mbili na nusu, na ikimaliza yote inarudia baada ya sekunde nne na nusu. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuchomeka, maana ile 16 ina umeme wa moja kwa moja na ukiibana na ethi unaunguza tena fyuzi.

Nilikaa na karatasi gotini, mtoto wa mjomba akihesabu kwa sauti pamoja nami ili tusipishane. Moja, kimya, mbili. Halafu mbili, kimya, nne. Halafu tatu, kimya, moja. Yaani 12, 24 na 31.

Namba 12 maana yake kontroli boksi ilipewa taarifa kwamba stata inafanya kazi, lakini ishara ya krenki au ya kemshafti (shafti inayofungua vali) haikufika ndani ya sekunde mbili. Namba 24 ni joto la hewa inayoingia, 31 ni kipimo cha hewa yenyewe. Hizi mbili za mwisho hazikunishtua. Kwenye injini hii sensa ya hewa na sensa ya joto la hewa zimo kwenye kifaa kimoja chenye soketi moja pale karibu na boksi la chujio, na fundi akiichomoa swichi ikiwa imewashwa, misimbo yote miwili inaingia kwa pamoja na kubaki humo.

Ethi kabla ya sensa

Kabla ya kuifukuzia 12 nilipima ethi, na ningeomba kila mwenye mita afanye hivi kabla ya kufungua pochi. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri, ncha nyekundu kwenye chuma tupu cha injini, kisha mwenzako apige stata. Kwa ethi nzuri usomaji hauzidi sana 0.2. Hapa nilipata 0.9. Karibu volti moja nzima inapotea njiani kabla ya kurudi kwenye betri, na kontroli boksi nayo hutegemea ethi ya injini hiyohiyo.

Nikafungua waya hasi wa betri na boliti inayoushikilia kwenye bodi. Kwa nje kila kitu kilikuwa safi. Chini ya kichwa cha waya kulikuwa na unga wa kijani na kutu iliyotanda kama ngozi. Watu husema ziwa letu ni la maji baridi, halili chuma. Ni kweli halili kwa kasi ya pwani ya Dar au Tanga, lakini gari likisimama nje miezi mingi, unyevu wa usiku pamoja na mvuke wa asidi ya betri vinatosha kabisa. Msasa mpaka chuma king'ae, boliti ikakazwa, vaselini juu yake. Usomaji ukashuka hadi 0.1, na stata ikabadilika sauti. Sasa ilizunguka kwa nguvu.

Kwa kuwa betri ilikuwa imefunguliwa, misimbo yote ilikuwa imefutika. Nikapiga stata sekunde chache, nikarudisha waya kwenye 13 na 4. Imerudi 12 peke yake. 24 na 31 zilikuwa kumbukumbu za zamani.

Krenki au kemshafti?

Msimbo wa kupepesa hautenganishi hizo mbili, kwa hiyo nikaazima mashine kubwa kwa fundi mmoja wa Nyakato, inayoijua Toyota ya Japani. Ikasoma P0335. Herufi P ni injini na gia. B ni bodi, C ni chesi ikiwemo ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga), U ni mawasiliano kati ya kontroli boksi na nyenzake. Sifuri inayofuata inasema msimbo ni wa kiwango cha pamoja kwa watengenezaji wote. Ikiwa 1, ni wa mtengenezaji mwenyewe. Tatu inaonyesha upande wa kuwasha cheche. Na P0335 ni sakiti ya sensa ya krenki. Ya kemshafti ingekuwa P0340.

Fundi akachungulia kioo. "Kaka, si unaona, sensa hiyo."

"Fundi, hii ni ya tatu. Tuangalie mizunguko kwanza."

Tukafungua ukurasa wa data za moja kwa moja, nikapiga stata. Injini inazunguka, mkanda unaonekana unakimbia, lakini kwenye kioo mizunguko ya injini kwa dakika ni 0. Mshale wa dashibodi nao haukutikisika. Kwa macho ya kontroli boksi, injini hiyo ilikuwa imesimama. Ndiyo maana plagi nilizozitoa zilikuwa kavu, hazina harufu ya petroli, na hazikutoa cheche. Mafuta na cheche vikikosekana kwa wakati mmoja, usianze na pampu wala koili. Tafuta kitu kimoja ambacho vyote viwili vinakisubiri.

Sensa yenyewe ni kitu rahisi sana: koili ya waya na sumaku. Inakaa mbele ya injini, karibu na puli ya krenki, ikitazama sahani yenye nafasi za meno 36 ambayo mawili yameachwa kwa makusudi. Kila jino likipita linazaa umeme mdogo wa AC, na lile pengo la meno mawili ndilo linaloiambia kontroli boksi krenki iko wapi. Hakuna umeme unaopelekwa kwenye sensa hii, inajizalishia.

Mjomba alikuwa ameitunza ile ya kiwandani kwenye boksi la misumari. Nikapima zote tatu kwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme): zote zilikuwa kati ya 1200 na 1300. Nikabadili mita kwenda volti za AC, ncha kwenye soketi ya sensa iliyofungwa, stata ikapigwa: mita ikaonyesha umeme unaozaliwa. Sensa inaongea. Haisikiki tu.

Waya

Kontroli boksi ya gari hili iko nyuma ya droo ya abiria. Droo ikatoka, soketi ikatoka baada ya kufungua tena betri, nikatafuta nyaya mbili zinazokwenda kwenye sensa. Wa kwanza, mwisho hadi mwisho, 0.4 omu. Wa pili, mita haikuonyesha chochote. Umekatika.

Kuutafuta mkato kulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote, kwa sababu nyaya hizi zimefungwa pamoja na nyingine na kwa nje hapakuwa na jeraha. Nikaanza upande wa sensa, kwa sababu ndiko kwenye joto, mtikisiko na mafuta. Karibu na alternata kishikizo cha plastiki kilikuwa hakipo, na fungu la nyaya lilikuwa limelalia chuma, limelowa oili iliyovuja juu yake. Nikachana utepe taratibu, nikaushika kila waya kwa vidole viwili na kuuvuta kidogo. Waya mzima hukataa kuvutika. Huu mmoja ulirefuka. Ganda lilikuwa zima, limekakamaa kwa oili, lakini ndani yake hapakuwa na shaba ya kuuzuia. Nilipolipasua, ndani mlikuwa na vumbi la kijani na nyuzi chache zilizokwisha kuwa nyeusi.

Kulehemu kwenyewe si kazi kubwa, ila kwa waya huu kuna mambo ya kuzingatia. Nilikata hadi nikapata shaba inayong'aa pande zote mbili, nikaweka kipande kipya cha unene uleule, risasi ya kulehemu, kisha mpira wa kusinyaa kwa moto. Rangi hazikubadilishana: chanya na hasi za sensa hii zikipishana, kontroli boksi inasoma ishara iliyogeuzwa na injini inaweza kukataa kuwaka au kuwaka vibaya. Nyaya hizo mbili nikazisokota tena pamoja kama zilivyotoka kiwandani, na kinga yake ya nje nikairudisha bila kuigusisha kwenye bodi hapo katikati, kwa sababu hiyo hupewa ethi upande mmoja tu. Ishara ni ndogo, na iko jirani na alternata na koili zenye kelele nyingi za umeme.

Kishikizo kipya kilipatikana mtaani, na kwa sasa fungu limekaa mbali na chuma. Oili inatoka kwenye kava ya mnyororo wa taimingi. Hiyo ni kazi ya siku nyingine, lakini ni lazima ifanyike.

Kuwasha

Mita: 0.4 omu na 0.4 omu. Betri ikafungwa. Nikamwita mjomba aje apige stata mwenyewe. Kwenye kioo cha mashine mizunguko ikasoma mia mbili na kitu, mshale wa dashibodi ukainuka kidogo, na injini ikashika kabla hajaachia ufunguo. Akaiacha iungurume akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kisha akauliza kwa sauti ya chini zile sensa mbili zinaweza kuuzwa. Zinaweza. Ni nzima.

Ikiwaka, volti za betri ni 14.1, kwa hiyo alternata inachaji vizuri. Nikaizima na kuiwasha tena ikiwa ya moto, nikaipeleka hadi Pasiansi na kurudi, nikasoma tena kwa waya mfupi: taa ya injini inapepesa mwendo mmoja, hakuna msimbo.

Kilichobaki ni taa ya ABS. Waya uleule kwenye 13 na 4 huipepesa na yenyewe, na imetoa 31, ambayo kwa ABS ni sakiti ya sensa ya tairi la mbele kulia. Jumamosi ijayo jeki itakuwa upande huo, na mita itaanzia kwenye soketi.