Nilivyolimudu neno "run" katika kazi ya kuongoza watalii Ruaha

Katika Kiingereza ninachotumia kazini, neno lililonisumbua kuliko yote lina herufi tatu tu: "run". Shuleni tulifundishwa ni kukimbia, tukaishia hapo. Ila ukianza kuwapeleka wageni Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kutoka Iringa mjini, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kupitia Idodi na Tungamalenga, utalisikia neno hilo kutwa nzima, na ni mara chache atakuwepo mtu anayekimbia. Asubuhi mgeni anatazama saa, "we're running late", tunachelewa. Mmesimama kwenye jua kali, anataka kiyoyozi kiendelee: "leave it running", usizime injini. Mkifika kambini anauliza "who runs this place?", nani anaiendesha kambi hii. Jioni chupa za maji ni tupu: "we've run out", tumeishiwa.

Nilianza na kamusi. Maana zilikuwa safu kwa safu, nikawa nazikariri usiku, na zote zinayeyuka mgeni akianza kuongea kwa kasi. Kilichonipa moyo ni kujua kwamba hata wenye lugha wanaliona ni neno zito. Oxford English Dictionary, kamusi yao kubwa, katika toleo la pili la mwaka 1989 ilikuwa na maelezo marefu kuliko yote kwenye neno "set", lenye maana zipatazo 430. Mhariri wake, Peter Gilliver, alipolipitia upya "run" akakuta maana 645 za kitenzi peke yake, jambo lililotangazwa mwaka 2011. Mashine zimechangia sana: treni, injini, maji ya bomba, na sasa programu za kompyuta, vyote Mwingereza husema "vinakimbia". Hakuna binadamu anayekariri maana 645.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja anayefundisha Kiingereza sekondari. Nilimlalamikia, akaniuliza, "Kaka, neno 'piga' ulifundishwa na nani?" Tukaanza kuhesabu hapo hapo: kupiga pasi, hodi, kura, simu, mswaki, deki, magoti, miayo, picha, chenga, soga. Mgeni anayejifunza Kiswahili akishikilia kwamba kupiga ni kuchapa mtu, atashangaa tunavyopiga mswaki kila asubuhi. Sisi hatuchanganyikiwi kwa sababu hatulisikilizi "piga" likiwa peke yake, tunasubiri linalofuata.

Basi nikafanya hivyo hivyo kwa "run". Nikaacha kuandika neno na maana yake, nikawa naandika sentensi nzima kama mgeni alivyoitamka, kisha napiga mstari chini ya kile "kinachokimbia". Daftari likajipanga lenyewe. Upande mmoja ni vitu vinavyotiririka: mto, bomba, pua yenye mafua. Upande mwingine ni vinavyofanya kazi vikiwashwa: injini, jenereta, simu yenye programu nyingi. Kuna vinavyoendeshwa na mtu, kama duka au hoteli. Kuna vinavyotoka hapa hadi pale, kama reli ya TAZARA ambayo "runs" kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ikipita Makambako na Mbeya. Baada ya hapo natazama kaneno kadogo kanakofuata, maana hako ndiko kanakogeuza mambo. "Run out of" ni kuishiwa. "Run into" rafiki ni kukutana naye bila kutarajia, lakini "run into" mti ni kuugonga. "Run over" ni gari kumkanyaga mtu au mnyama, na dereva yeyote anapaswa kulijua hilo kabla ya mengine yote.

Mahali nilipoona faida ni pale mtoni. Mto Ruaha Mkuu unapata maji yake kutoka nyanda za juu za Mbeya na Njombe, unapita Usangu na ardhi oevu ya Ihefu, ndipo unafika huku tunakotembeza wageni. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kiangazi, na sababu inayotajwa sana ni maji yanayochepushwa kwenda mashamba ya mpunga huko juu. Mwezi wa kumi nilisimama na wageni mbele ya mchanga mtupu. Tembo jike alikuwa anachimba kwa mguu wa mbele, anaingiza mkonga shimoni, anangoja maji yajikusanye, anakunywa kidogo kidogo huku mtoto wake akimsukuma tumboni. Mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "When did it stop running? Does it run dry every year?", yaani mto uliacha kutiririka lini, na je, hukauka kila mwaka? Nilimweleza habari yote ya mto, kuanzia Usangu hadi kwenye bwawa la Mtera linalouhitaji kwa umeme, bila kusita kutafuta neno. Nilifurahi sana siku ile, kwa sababu mto huu unanihusu na nilitaka aelewe.

Kuhusu visawe, nawasihi wenzangu wawe makini. Kamusi itakuambia "run" ni "operate", ni "manage", ni "flow". Kweli, lakini havibadilishani kila mahali. Hoteli unai-"manage", jenereta unai-"operate", mto una-"flow", na ukivichanganya mgeni atakukunjia uso. Nasi tunachapa kazi na kupiga kazi, ila simu haichapwi. Njia yangu ni kurudisha kisawe ndani ya sentensi ile ile ya daftarini na kumuuliza mgeni mwenyewe kama angesema hivyo. Wengi hupenda kuulizwa. Ndivyo nilivyojua kwamba Mmarekani anayegombea urais "runs for" urais, lakini Mwingereza anayegombea ubunge "stands": mmoja anakimbia, mwingine anasimama, na uchaguzi ni uchaguzi.

Sasa nimefungua kurasa za "set". Jua linazama, meza inaandaliwa, saruji inashika, saa inategwa kengele, mtego unategwa. Vijana wawili wa kambi jirani wameazima daftari la "run" wanakili, na nimewaambia wasinakili maana nilizoandika pembeni, wachukue sentensi tu.