Mafuta niliyoyashusha Alhamisi

Alhamisi ya tarehe 24 Agosti 2017 nilishusha petroli kwenye sheli moja ya kusini-magharibi mwa Houston, Texas. Lori zima, galoni 8,500 hivi, yaani kama lita 32,000. Mwenye sheli alisimama pembeni yangu akiangalia foleni ya magari iliyokuwa imetoka hadi barabarani, maana redio zote zilikuwa zinataja kitu kimoja tu: Harvey, kimbunga kilichokuwa kinapata nguvu Ghuba ya Mexico. Tuliagana vizuri. Alinipa chupa ya maji baridi, akanitakia usalama mimi na familia yangu.

Naomba msomaji aishike tarehe hiyo, nitairudia.

Mimi ni mtu wa Lindi. Kwetu kimbunga kilikuwa hadithi ya bibi. Alikuwa akihesabu umri wa watu kwa kimbunga cha 1952: fulani alizaliwa kabla, fulani alikuwa mchanga mgongoni kwa mama yake. Nilikua nikidhani anazungumzia upepo tu. Nimekuja kujifunza Texas, nikiwa dereva wa lori la mafuta, kwamba upepo ndio unaopita haraka kuliko vyote. Kinachobaki ni maji, na nyuma ya maji inakuja shida ya mafuta.

Harvey kiliingia nchi kavu usiku wa Ijumaa tarehe 25, karibu na mji wa Rockport, kikiwa daraja la 4 kati ya 5, upepo wa kilomita kama 215 kwa saa. Rockport ilivunjwavunjwa. Sisi Houston, mbali na pale, yalitupata mengine. Kimbunga kilifika, kikagoma kuondoka. Kilikaa juu ya pwani ya Texas siku baada ya siku, kikivuta maji ya Ghuba na kutumwagia. Mji wa Nederland, mashariki mwa jimbo, ulipimwa milimita 1,539 za mvua. Hiyo inazidi mvua ya mwaka mzima ya Lindi, na yote ilishuka ndani ya siku chache.

Ndugu walinipigia simu kuuliza kwa nini hatukuhama mapema. Meya wa wakati ule, Sylvester Turner, hakuamuru mji uhame, na wapo waliomlaumu. Mimi sikumlaumu. Mwaka 2005, wiki chache baada ya kimbunga Katrina, kimbunga Rita kilipokuwa kinakuja, watu zaidi ya milioni 2 waliingia barabarani kwa mkupuo. Magari yaliishiwa mafuta katikati ya barabara kuu kwenye jua la Septemba, na sheli za njiani zilikuwa zimekauka. Zaidi ya watu 100 walikufa katika kule kuhama, wakiwemo wazee 23 wa nyumba ya kulelea, basi lao lilipowaka moto karibu na Dallas. Madereva wa zamani kazini kwetu hadi leo wakifika kwenye habari ya Rita hushusha sauti.

Tulikuwa tunaishi ghorofa ya chini, si mbali na mto unaoitwa Brays Bayou. Usiku wa kuamkia Jumapili, kama saa nane, mlango uligongwa. Alikuwa jirani yetu wa juu, mzee kutoka Bukavu. Akasema, "Papa Nasra, mayi inaingia." Niliposhusha mguu kitandani, zulia lilizama kama godoro. Nilikuwa nikitarajia maji yaje kwa mlango, lakini yalikuja kwa chini, kimyakimya, yakaliinua zulia katikati ya sebule kama mkate wa kumimina unaoumuka. Mama Nasra hakupiga kelele. Alikusanya pasipoti, vyeti vya kuzaliwa na cheti cha ndoa, akavifunga kwenye mfuko wa plastiki, akavitia ndani ya sufuria ya presha na kubana mfuniko. Kufikia alfajiri ndoo ya mchele ilikuwa inaelea jikoni na friji limelala chali. Vyeti ninavyo mpaka leo, havina hata doa.

Tulipanda juu kwa mzee yule. Tukawa watu 19 kwenye vyumba viwili, bila umeme, tukiangalia mitumbwi ikipita juu ya barabara ambayo juzi yake nilikuwa nimeegesha gari.

Jumatatu ilikuja mashua ya bati ya kuvulia samaki, na ndani yake mtu mmoja kutoka Louisiana. Walikuwa wengi wa namna yake, waliovuta mashua zao kwa magari usiku kucha bila kuitwa na mtu. Watu waliwaita Cajun Navy. Aliwachukua watoto kwanza, kisha mzee mwenye kisukari. Nilimnyooshea noti, akaisukuma nyuma. Aliniambia mwaka 2005, Katrina ilipoizamisha New Orleans, mama yake alipokelewa Houston, akalala kwenye uwanja wa michezo wa Astrodome pamoja na maelfu ya wengine. Akaniuliza kitu kimoja tu: wapi nitapata petroli?

Dumu lake lilikuwa tupu. Mashine ya mashua ilikuwa inaenda kwa matone ya mwisho. Alikuwa ameshazunguka sheli tatu, moja imezama, mbili zimefungwa. Mimi, ambaye kazi yangu ni kubeba petroli, sikuwa na lita moja ya kumpa. Kijana mmoja wa pale juu alikuwa amepandisha pikipiki yake ngazini ili isizame. Tukatafuta mpira, tukanyonya tangi lote. Kama galoni mbili. Kwa galoni zile alikwenda na kurudi mara nne, na mara ya nne alimtoa mama mjamzito wa jengo la pili.

Tangu siku ile, mtu akiniambia bei ya mafuta ni habari ya wenye magari, namsimulia mashua ile.

Ukumbi mkubwa wa mikutano katikati ya mji, George R. Brown, ulikuwa umeandaliwa kwa watu 5,000. Wakafika zaidi ya 10,000. Sisi tulipelekwa kwenye msikiti uliokuwa umefungua ukumbi wake kwa kila mtu, wa dini yoyote. Sijawahi kuona watu wakitoa kama walivyotoa wiki ile. Lakini kuna jambo nataka watu wa nyumbani wanaochangisha misaada walijue. Nguo zilikuja mlima mzima, makoti ya baridi mwezi wa nane. Tulichokosa ni soksi kavu, chupi mpya, nepi, dawa za kisukari na barafu ya kuzihifadhia, na chaja za simu. Na vyote hivyo vilikuwa vimekaa kwenye maghala ya miji mingine, vikisubiri malori, na malori yakisubiri barabara na dizeli.

Ijumaa tarehe 1 Septemba ilikuwa Idd el-Hajj. Tuliswali palepale tulipokuwa tunalala, magodoro yakiwa yamerundikwa ukutani. Mke wa yule mzee wa Bukavu, mama wa kanisani kabisa, alikuwa amekaa jikoni tangu alfajiri akimenya vitunguu vya pilau ya watu mia mbili. Nasra alivaa fulana ya timu ya mpira aliyopewa, ikimfika miguuni, akaniuliza kama hiyo ndiyo nguo yake ya sikukuu. Nikamwambia ndiyo.

Mchana huo huo nilipigiwa simu ya kazi.

Wakati sisi tunahesabu magodoro, kimbunga kilikuwa kimeelekea mashariki na kupiga Beaumont na Port Arthur. Pale Port Arthur ndipo ulipokuwa mtambo mkubwa kuliko yote Marekani wakati ule wa kusafisha mafuta, wa kampuni ya Motiva, wenye uwezo wa mapipa kama 600,000 kwa siku. Ulifungwa. Pwani nzima, karibu robo ya uwezo wa nchi wa kusafisha mafuta ilisimama. Bomba la Colonial, linalotoa mafuta Houston na kuyapeleka hadi karibu na New York, likasimamisha usafirishaji, kwa kuwa huku mwanzo wake hapakuwa na cha kutia. Mafuta ghafi yalikuwepo. Kisichokuwepo ni mitambo ya kuyageuza, na njia ya kuyatoa.

Jumamosi nilikuwa Dallas. Dallas haikuzama. Na bado sheli nyingi zilikuwa zimefunika pampu zake kwa mifuko ya plastiki, na kwenye chache zilizobaki foleni zilizunguka mtaa mzima. Nilingoja kwa muda wa saa kumi na moja kwenye depo kabla ya kupakia, kwa mgao, pungufu ya lori zima. Nilipofika sheli niliyopangiwa, watu walipiga makofi walipoona tangi likikata kona. Kabla sijamaliza kukunja mipira, foleni ilikuwa inatafuna mafuta yale, na wapo waliokuja na madumu matano, sita, nyuma ya gari.

Hesabu yake ni nyepesi ukiikalia. Siku ya kawaida watu wachache ndio wanaojaza, wengine wanatembea na nusu au robo. Ikitoka habari kwamba mafuta yanaisha, kila mtu anakwenda siku moja kujaza mpaka shingoni. Mafuta hayapotei, yanahama kutoka chini ya sheli na kuingia kwenye matangi ya magari yaliyoegeshwa majumbani. Nchi ilikuwa na akiba ya petroli zaidi ya mapipa milioni 220. Wastani wa bei Marekani nzima ulitoka dola 2.40 kwa galoni tarehe 28 Agosti hadi dola 2.68 wiki moja baadaye. Senti 28 hizo, nyingi ni za mitambo iliyozama, na sizilalamikii. Lakini pampu kavu za Dallas zilikaushwa na hofu.

Sasa nirudi kwenye Alhamisi yangu.

Jumatano ile, kabla ya Idd, nilikuwa nimeazima gari kwenda kutafuta nepi. Nikapita kwenye sheli ile niliyoishushia mafuta kabla ya mvua. Ilikuwa imenusurika, taa zinawaka. Bango la bei lilisema dola 4.99. Alhamisi iliyopita bei ilikuwa dola 2 na senti kidogo. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja na watoto watatu, gari limejaa vitu vilivyolowa, anahesabu sarafu kwenye kiganja. Niliingia ndani. Nilimsalimu mwenye sheli kwa heshima, nikamwuliza. Akasema lori lijalo litamjia kwa bei ya juu. Nikamwambia, hilo lijalo sawa, lakini haya yaliyomo ardhini niliyashusha mimi, tarehe 24, kwa bei ya tarehe 24. Hakunijibu.

Sheria ya Texas inakataza kupandisha bei ya mahitaji kupita kiasi gavana akishatangaza hali ya maafa, na ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo ilikuwa na namba ya kupigia. Nilipiga. Sijui iliishia wapi kwake yeye. Nyumbani Tanzania EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na tunalalamika kila mara. Nimewaambia wadogo zangu Lindi: walalamikie kiwango kwa haki yao, ila wajue kuna maana kubwa katika bei ambayo mtu hawezi kuibadili mchana kwa sababu ameona umelowa.

Wiki ya pili ya Septemba tulianza tena kushusha Houston. Sheli ya kwanza niliyopelekwa ilikuwa imekaa ndani ya maji siku tatu. Kabla ya kushusha tunaingiza fimbo ya kupimia kwenye tangi la ardhini, ncha yake imepakwa dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Nilipoivuta, ilikuwa nyekundu kiasi cha shibiri mbili kutoka chini. Mwenye sheli, mzee aliyekuwa amelala humo dukani kuilinda mali yake, aliitazama fimbo ile muda mrefu. Petroli yake yote iliyobaki ilikuwa ya kunyonywa na kutupwa. Tangu tarehe 26 alikuwa anawapa wenye mashua mafuta bure, mpaka maji yalipoingia. Sikuweza kumshushia. Nilizima injini, nikakaa naye mpaka likafika gari la kunyonya.

Mwaka 2024 kilipokuja kimbunga Beryl, mambo yalikuwa mengine tena. Kilikuwa daraja la 1 tu, lakini zaidi ya wateja milioni 2 walikosa umeme, na sheli zenye matangi yaliyojaa zilikaa siku kadhaa bila kuuza tone, kwa kuwa pampu hazina umeme. Siku hizi nikisikia sheli imenunua jenereta nafurahi kama ni yangu.

Juzi mzee wa Bukavu amenipigia. Sasa tunakaa mitaa tofauti, sote ghorofa za juu. "Papa Nasra, redio inasema iko kitu kwenye Ghuba." Nikamwuliza gari lake lina mafuta kiasi gani. Akasema alijaza tangu wiki iliyopita, kabla hakijapewa jina, na foleni haikuwepo.