Nilivyofikisha taa uani kwa waya wa chini ya ardhi

Uani kwetu Bagamoyo, kutoka mlango wa jikoni hadi banda la kuku ni mita 22, na kwa miaka mingi njia hiyo iliangazwa na balbu moja juu ya mwembe, iliyolishwa na waya wa ndani ya nyumba uliofukiwa kina cha kiganja tu. Mwaka jana kijana wangu alipokuwa akilima tuta la mchicha, jembe lake liliuchana. Alhamdulillahi, wakati huo umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nilipoufukua nilikuta kiungo kilichozungushiwa tepu peke yake: tepu imelegea, shaba imegeuka kijani, na ganda linamegeka vidoleni kama gamba la kitunguu kikavu.

Safari hii nilimtafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Tuligawana kazi, mimi nilichimba mtaro wa sentimita 60 na yeye akashughulikia umeme. Alitaka kebo ya amadi, yaani ile yenye ngao ya nyuzi za chuma, tena iwe kipande kimoja kisicho na kiungo chochote ardhini. Tuliilaza juu ya mchanga usio na mawe, tukaifunika kwa mchanga mwingine, tukarudisha nusu ya udongo, kisha tukatandaza utepe wa manjano wa tahadhari ili atakayechimba baadaye aukute kwanza kabla ya kuifikia kebo.

Nilidhani saketi breka ya ampia 10 ingetosha, lakini fundi aliniambia, "Mzee, breka hiyo inalinda waya, haikulindi wewe." Akaongeza RCD ya miliampia 30, ambayo hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifikia kiwango hicho, kwa mfano unapovuja kupitia mwili wa mtu, hukata mara moja. Kwa maoni yangu, afadhali kupunguza idadi ya taa kuliko kukikosa kifaa hiki. Taa zenyewe ni nne, za LED, zisizoingiza maji, na waya wake huingilia chini ya kila kisanduku ili mvua isiufuate ndani.

Kila mwezi hubonyeza kitufe cha kuijaribu RCD, na taa zote huzimika papo hapo. Kabla ya kufukia nilipima mtaro kutoka ukutani, nikauchora, na mchoro huo nimeubandika kando ya mein swichi. Tuta la mchicha tumelihamishia upande wa pili wa mwembe.