Kukaza uso kwa upasuaji: nilichouliza kabla, nilichokikuta baada

Swali lililonisaidia kuliko yote kwa daktari lilikuwa hili: utavuta nini, ngozi au kilicho chini yake? Ngozi ikivutwa peke yake hulegea tena mapema, na kovu hutanuka kwa kuwa ndilo linalobeba uzito wote. Upasuaji unaodumu hukaza utando mgumu ulio chini ya mafuta, ulioshikamana na misuli ya uso. Ngozi hulazwa juu yake bila kuvutwa, na iliyozidi hukatwa. Njia nyingine hupita chini ya utando huo na kuuinua pamoja na ngozi, kipande kimoja. Upasuaji mdogo, wa mkato mfupi mbele ya sikio, unamfaa aliyeanza kulegea kwenye taya. Shingo ikishashuka, hautoshi. Na mikunjo midogo ya juu ya mdomo haiondoki kwa njia yoyote kati ya hizi.

Mkato kamili huanzia kwenye nywele za panja, hushuka mbele ya sikio, huzunguka ndewe, kisha hupanda nyuma ya sikio kuelekea kisogoni. Kwenye picha za wagonjwa wa daktari nilitazama ndewe kwanza. Iliyovutwa chini ikaungana na shavu ni ishara kwamba ngozi ilikazwa kupita kiasi. Mwenye keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda, aseme mapema.

Sigara huachwa angalau wiki 4 kabla: nikotini iliyomo hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya nyuma ya sikio, inayofikiwa na damu kwa taabu, huweza kufa. Aspirini huachwa kwa maelekezo ya daktari tu. Presha lazima iwe imetulia.

Presha ikipanda, damu huvilia chini ya ngozi, hasa katika saa 24 za kwanza. Uvimbe wa kawaida huwa pande zote mbili. Upande mmoja ukivimba haraka, ukauma na kukaza, usingoje asubuhi, mpigie daktari saa hiyohiyo.

Nililala chali, kichwa juu ya mito miwili. Mirija ya kutoa damu hukaa siku moja au mbili, nyuzi hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 10, alama nyeusi za kuvilia damu hufifia kwa wiki 2 hivi. Ganzi ya sikio na shavu ndiyo hukawia, hata miezi. Kwa hiyo mashine ya kukaushia nywele niliiweka kwenye hewa baridi: ngozi isiyohisi huungua bila wewe kujua.