Safari ya wazee milimani, mimi naanza na ngazi

Wiki hizi kila jioni niko kwenye ramani ya India, natafuta mji wa milimani wa kuwapeleka mama, baba na mamdogo wakapunge hewa ya baridi na warudi na afya zao. Ni ile miji Waingereza waliyoijenga juu kukimbia joto la tambarare, Shimla ndo ilikuwa makao makuu yao ya kiangazi tangu 1864. Picha zake tamu kweli, ila mimi siku hizi nikiona picha ya hoteli ya milimani naangalia ngazi kwanza.

Maana kule hoteli nyingi zimekaa ubavuni mwa mlima, mapokezi yako usawa wa barabara afu vyumba vinateremka kwenda bondeni. Juzi nimepiga simu sehemu moja, kijana kanijibu vizuri tu, "lifti hatuna lakini chumba kiko chini hapo". Chini hapo maana yake ngazi za kushuka kwenda kulala na ngazi hizohizo za kupanda asubuhi kwenda kunywa chai, na goti la mama halitaki kabisa kushuka. Sasa hivi nikipiga nauliza hivi: kutoka gari linaposimama mpaka kitandani kuna ngazi ngapi, zina kishikio, na choo ni cha kukaa? Wakisita kujibu naendelea na hoteli nyingine.

Shimla nimeiacha kwa sababu hiyohiyo, barabara yake kuu ya madukani magari ya kawaida hayaruhusiwi, unatembea, na japo kuna lifti ya umma ya kukupandisha kutoka barabara ya chini bado mji wenyewe ni miinuko. Nimeegemea Ooty, kusini, mita kama 2,240 juu ya bahari. Ugonjwa wa kimo kwa kawaida huanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500 hivi kwa hiyo tuko chini yake, lakini pumzi inakuwa fupi kidogo na baridi inapandisha presha, kwa hiyo wote watatu watamuona daktari kabla sijalipia chochote. Tutalala kwanza Coonoor, iko chini kidogo, miili izoee.

Treni ya Nilgiri wanaitaka sana na mimi naitaka, reli ya 1908 ile, kilomita 46 kutoka Mettupalayam chini bondeni hadi Ooty, na sehemu yenye mwinuko mkali ina reli ya meno katikati ili injini isiteleze. Ila kupanda njia nzima ni karibu masaa matano umekaa kwenye kiti kimoja. Hapana. Tutapanda kipande cha Coonoor hadi Ooty tu, saa moja na ushee, raha wanaipata na migongo inapona.

Gari ndo linanisumbua zaidi. Njia ya kupandia Ooty kupitia Masinagudi, yenye kona 36 kali, nimeshaifuta. Mama anakunywa dawa ya presha inayomkojoza, na najua yeye na baba tabia yao, hawatasema "simamisha gari", wataacha kunywa maji asubuhi nzima ili wasisumbue watu, na mzee akikauka maji kwenye safari kizunguzungu hakiko mbali. Kwa hiyo dereva atasimama kila baada ya saa moja bila kuulizwa mtu, nimemwambia kabisa, na masaa ya kidonge tutapanga na daktari. Dawa za kichefuchefu nazo siwapi hivihivi, nyingine zinawalewesha wazee mpaka wanachanganyikiwa, bora mwenye kichefuchefu akae siti ya mbele, aangalie mbali.

Tunaenda Machi. Aprili na Mei ni likizo za shule, watu wanajaa, na tangu Mei 2024 gari linahitaji kibali cha mtandaoni kuingia Ooty.

Bado kuna jambo la Doddabetta, mlima ulio karibu na Ooty. Baba anataka afike, ni mita 2,637 na gari linafika karibu na kilele, mamdogo kasema yumo. Mama hataki. Sasa siku hiyo tunagawana, wao waende na dereva, mimi nibaki na mama bustani ya mimea, ile ya tangu 1848, tutembee kidogo sehemu za chini palipo tambarare, akichoka tunakaa.